Alama moja, kaka wangapi?

Vijana wenzangu wa Nakivale, Kyaka, Kyangwali na nyinyi mlioko Kampala, leo naomba tuongee juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama: ile alama ya juu tunayoiweka kwenye neno ng'ombe. Kwa Kiswahili inaitwa ritifaa. Kwa Kiingereza inafanya kazi nyingine kabisa, na mimi nasema wazi: kwa watu kama sisi, ambao maisha yetu yanakaa kwenye makaratasi, kuijua ni lazima. Si mapambo, wala si kujifanya mzungu.

Hebu someni hizi mbili kwa sauti: "my brother's papers" na "my brothers' papers". Masikio yamesikia tofauti? Hakuna. Lakini ya kwanza ni makaratasi ya kaka mmoja, ya pili ni ya kaka wawili au zaidi. Kiswahili hakina shida hiyo. Ukisema kaka yangu, ni mmoja. Ukisema kaka zangu, ni wengi, hata kipofu anasikia. Kiingereza kimeificha hesabu hiyo kwenye alama isiyo na sauti. Ndo maana mtu anaweza kuongea Kiingereza kizuri cha sokoni na cha filamu, halafu akishika kalamu anapotea. Kitu hiki hakiingii kwa masikio, kinaingia kwa kuandika.

Ugumu unazidi pale ambapo kitu chenyewe hakitajwi. Tuseme dada mmoja ana kaka watatu. Yeye kadi yake ameipata, za kaka zake bado. Anaandika: "I have my card, but I am still waiting for my brother's." Amemaliza, ametuma. Anayesoma anaona kaka mmoja. Siku ya mahojiano dada anataja watatu, na ofisa anageuza karatasi: mbona hapa uliandika mmoja? Dada hajadanganya mtu. Ila sasa inabidi ajieleze kama mtu aliyedanganya, na sisi tunajua kujieleza mbele ya meza kulivyo. Alitakiwa kuandika "my brothers'", alama mwishoni, baada ya s, na nyuma yake hakuna neno.

Wengi wetu tunaogopa alama inayoning'inia hivyo mwishoni. Tunaona kama sentensi haijaisha, basi tunaifuta au tunaisogeza. Lakini jamani, jambo hili tunalo kwetu tangu utoto! Mtu akikuuliza shamba hili ni la nani, unajibu: ni la wazazi wangu. Hurudii neno shamba, ile "la" imeshalibeba. Kwa Kiingereza utaandika "This plot is my parents'." Ukiulizwa ulilala wapi, unasema: kwa shangazi zangu. Nyumba hukuitaja, "kwa" imetosha. Sisi tuliosoma Kifaransa kule Congo tulisema "chez" na hatukushangaa. Kwa Kiingereza ni "I slept at my aunts'." Ile alama ya mwisho ndo "la" yetu, ndo "kwa" yetu.

Kuna mahali Kiingereza kimetuzidi, tukubali. Tukisema picha ya wazazi wangu, msikilizaji hajui kama wazazi wamo ndani ya picha, au picha ni mali yao tu. Kiingereza kinatenganisha. "A photo of my parents" ni picha ambayo wao wanaonekana. "A photo of my parents'" ni mojawapo ya picha zao, hata kama ndani yake kuna mbuzi peke yake. Mtu anayeambatanisha picha kwenye faili lake anapaswa kujua anasema ipi.

Kumbukeni pia maneno ambayo wingi wake hauishi kwa s: children, women, men, people. Hayo yanapokea alama kwanza, ndipo s: "the children's". Ndo sababu sikukuu ya tarehe 8 Machi inaandikwa "Women's Day", na ile ya walimu, tarehe 5 Oktoba, inaandikwa "Teachers' Day".

Sasa kuna mtu ataniambia: wenyewe Waingereza wanakosea, sisi tunajisumbua nini? Ni kweli hawako sawa. Kwenye treni za London, njia ya Piccadilly, kuna vituo viwili vinavyofuatana: Earl's Court ina alama, Barons Court haina. Duka kubwa la vitabu la Waterstones liliitupa alama yake mwaka 2012 na vitabu vikaendelea kuuzwa. Lakini duka likipoteza alama halipotezi kaka. Yule wa London akikosea, watu wanacheka. Sisi tukikosea, kosa linawekwa kwenye faili na linatusubiri.

Mwingine atasema kosa ni la ofisa, yeye ndo angeuliza kabla ya kushuku. Hapo nakubaliana naye kabisa. Lugha ya tatu au ya nne ya mtu isitumike kupima ukweli wake, na hilo tuendelee kulisema kila tunapopewa nafasi. Ila barua ya kesho inaandikwa kesho, haisubiri maofisa wabadilike.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Walimu wetu wa Kiingereza, tunawashukuru, lakini tuacheni kidogo na mkia wa mbwa na kofia ya John. Tufundisheni kwa sentensi tunazozihitaji: kadi za wadogo zangu, shamba la wazazi wangu, nyumba ya majirani. Na anzieni kwenye "la" na "kwa", maana njia tayari tunayo.

Nanyi wenzangu, kabla ya kutuma barua, jiulizeni mawili: ni wangapi, na kuna kitu ambacho sikukitaja? Halafu barua ikiwa nzito, msiiachie alama hesabu ya ndugu zenu. Andikeni namba kwa neno, na kitu chenyewe mkitaje: "my three brothers' cards". Hapo hata alama ikisahaulika, kaka zako bado ni watatu.