Masomo ya Kompyuta Ng'ambo: Ada ya Bure Nayo Ina Bei

Mfanyabiashara anayeagiza vipuri haangalii bei ya kiwandani peke yake. Hujumlisha nauli ya meli, ushuru na kupanda kwa dola mpaka mzigo ufike dukani. La ajabu, mtu huyo huyo akitaka kumpeleka mtoto ng'ambo kusomea sayansi ya kompyuta huuliza jambo moja tu: ada ni kiasi gani?

Kwa swali hilo Ujerumani haina mpinzani. Vyuo vikuu vingi vya serikali huko havitozi wageni ada ya masomo. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula, ambao aghalabu hauzidi yuro mia tatu na kitu. Lakini kabla ya kutoa viza, ubalozi hutaka kuona fedha za kujikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti maalumu iliyofungwa. Mwaka 2023 kima chake kilikuwa yuro 11,208 kwa mwaka. Septemba 2024 kikapandishwa hadi 11,904. Fedha hizo si ada. Ni mali ya mwanafunzi, naye huzitoa kidogo kidogo, yuro 992 kwa mwezi. Hata hivyo sharti zionekane zote kwa mkupuo, na kwa mwenye duka la kawaida Kariakoo huo ni mtaji wa mzunguko kuondolewa rafuni kwa siku moja. Wapo wanaotegemea vibarua. Sheria tangu 2024 inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, ila ubalozini matumaini ya kibarua hayahesabiwi kuwa fedha.

Tena bei hii si ya kudumu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Norway, iliyosifika kwa elimu ya bure kwa wote, iliacha mwaka 2023.

Wengine hutazama India, ambako vyuo vingi huwapangia wageni ada kwa dola. Hapo ndipo shilingi inapouma. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama Sh 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka Sh 2,600. Ada ya dola 5,000 ikapanda kutoka Sh milioni 11.65 hadi milioni 13, na chuo hakikuongeza hata senti. Kwa wenye alama nzuri, heri kwanza waombe ufadhili wa serikali ya India unaotolewa kupitia ICCR kuliko kukimbilia kwa wakala.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu inayolipa ni shahada ya kwanza hapa nyumbani, kwa shilingi, kisha Ujerumani kwa shahada ya pili. Kozi za kompyuta za shahada ya kwanza huko hufundishwa zaidi kwa Kijerumani. Za shahada ya pili kwa Kiingereza ni nyingi, na kwa kawaida ni miaka miwili tu. Miaka ya kutafuta yuro inapungua, na mzazi anapata muda wa kuzinunua polepole, kila shilingi inapopata nguvu.

Muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba. Maombi mengi hufungwa Julai 15, na baadhi ya kozi za shahada ya pili hufunga mapema zaidi.