Umoja wa Yohana 17 si Umoja wa Dhati



Ndugu Waislamu, sisi wa Kitete tunaishi nyumba kwa nyumba na Wakristo. Uislamu ulifika Tabora kwa njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na Wamisionari wa Afrika wakaifuata njia hiyo hiyo mwaka 1878. Mjadala juu ya Nabii Isa (A.S.) basi si mgeni hapa, na kijana wetu hana budi kuuingia kwa elimu, si kwa kelele.

Hoja anayoletewa mara kwa mara ni Yohana 10:30, Isa anaposema kuwa yeye na Baba ni kitu kimoja. Kwa hiyo, wanadai, yeye ni Mungu. Hatusemi kila kilichomo humo ni wahyi. Tunajadiliana nao kwa kile wanachokikubali. Katika Yohana 17:22 Isa anawaombea wafuasi wake umoja mfano wa ule alio nao na Baba. Neno la Kiyunani ni lile lile pote pawili: hen. Likithibitisha uungu wake kule, litathibitisha na uungu wa wanafunzi huku, jambo ambalo hakuna padri wala mchungaji atakayelikubali. Imebaki maana moja: umoja wa lengo na utii.

Watajibu kuwa Mayahudi waliokota mawe kwa kuwa walimwelewa anadai uungu. Naam, walimtuhumu hivyo. Lakini na wasome hadi 10:36: aliwakumbusha kuwa maandiko yao yamewaita wanadamu miungu, kisha akajieleza kuwa ni mwana aliyetumwa. Aliyetumwa si aliyemtuma. Na katika dua hiyo hiyo, 17:3, anamkiri Anayemwomba kuwa ndiye Mungu pekee wa kweli.

Hata hivyo, hoja hii inatugeukia na sisi. Suratu Aal Imran, aya ya 103, inatuamrisha kushikamana na inatukataza kufarikiana. Vipi basi majirani wawili Waislamu waswali Idd siku mbili mbalimbali kwa hitilafu ya mwezi, kisha wahasimiane mwaka mzima? Kabla ya kuandaa muhadhara mwingine juu ya Biblia, maimamu wetu na wakae kitako wasuluhishane. Tusimfundishe jirani maana ya umoja ilhali safu zetu zimepasuka.