Tusiwasahau wataalamu wa viinitete

Mtoto anapopatikana kwa njia ya kutungisha mimba katika maabara, sifa zote humwendea daktari. Ni wachache wanaomkumbuka mtaalamu wa viinitete, ilhali ndiye hukutanisha yai na mbegu ya kiume, akakagua baada ya saa 16 hadi 18 iwapo yai limerutubika, kisha akatunza kiinitete kwa siku kadhaa katika joto la nyuzi 37.

Hata Jean Purdy, aliyekuwa wa kwanza kuona kiinitete cha Louise Brown kikigawanyika, alisahauliwa kwa miaka mingi baada ya mtoto huyo kuzaliwa Uingereza mwaka wa 1978.

Hapa Kenya, watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa mwaka wa 2006. Kazi hii haifai kufunzwa kwa kozi ya wiki mbili. Yahitaji shahada ya uzamili na mazoezi marefu chini ya uangalizi. Kosa dogo likitokea maabarani, wazazi waliouza shamba hurudi nyumbani mikono mitupu, na lawama humwangukia mke.

Serikali haina budi kufadhili masomo haya katika vyuo vikuu vyetu. Nawe msomaji, kabla ya kulipa, uliza: ni nani atakayetunza viinitete vyetu, na amesomea wapi?