Shida yetu si pesa, ni besi

Mwandishi, hapo unaposema shida ya kwaya ni pesa sikubaliani nawe. Mimi naimba alto katika kwaya ya mtaa hapa Kiwanjani, Isiolo, na hakuna anayelipwa hata nauli. Kinachotumaliza ni uhamisho. Besi zetu ni walimu na askari. Wakishaizoea sauti ya nne tu, barua inakuja, mtu anaenda Merti au Garbatulla na wimbo unabaki ukichechemea. Kinanda hatuna. Mwalimu anatoa ufunguo kwa mdomo, solfa inaandikwa ubaoni, tunaendelea. Na wewe mchangiaji uliyesema hapo juu kwamba kwaya bila vyombo vya kisasa si muziki, tafuta Missa Luba ya Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga: sauti na ngoma, basi! Tena kwaya si muziki tu: kwetu Mturkana, Mmeru na Msamburu husimama mstari mmoja, na huwezi kumnunia jirani ambaye pumzi ikikukatikia ndiye anayeshikilia noti (tumejaribu, wimbo ulianguka). Kama kuna besi yeyote hapa anayehamishiwa Isiolo, mazoezi ni Jumamosi jioni. Sare tutamshonea.