Mama Asubiri Mpaka Ajue Kiingereza?

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani. Papo hapo aliifuta amri ya Bill Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali kuu ziweke utaratibu wa kuwahudumia wasiokijua Kiingereza vizuri. Amri mpya haikatazi huduma kwa lugha nyingine. Inawaachia wakuu wa idara waamue. Lakini ujumbe umefika: mgeni ajifunze Kiingereza kwanza, mengine baadaye. Kwa wazazi waliohamia kutoka Meksiko, Honduras au Cuba, wenye watoto wa miaka 12 au 13, ushauri huo ni mbaya, na ushahidi upo.

Wanaoiunga mkono amri hiyo husema lugha moja huwaunganisha wananchi na kupunguza gharama za ukalimani. Sawa. Kiingereza humpa mhamiaji kazi bora pia, na hakuna anayelijua hilo vizuri kuliko mhamiaji mwenyewe.

Tatizo liko nyumbani. Mtoto aliye shuleni hukishika Kiingereza mapema. Mama anayefanya usafi hotelini kwa zamu mbili hubaki nyuma. Mwalimu akimwita mzazi, mkalimani ni mtoto yuleyule anayelalamikiwa. Mwalimu anaeleza kwamba kijana anatoroka vipindi vya hesabu. Kijana anamgeukia mama na kumwambia anasifiwa kwa bidii. Mama anashukuru, anaaga. Barua za shule, bili, miadi ya daktari, vyote vinapitia kwa mtoto, katika umri uleule ambao sigara na dawa za kulevya zinaanza kumnyemelea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami walibuni mpango uitwao Familias Unidas kwa ajili ya familia kama hizi. Wazazi hukutana kwa vikundi na kuzungumza kwa Kihispania: shule za Marekani zinaendeshwaje, marafiki wa mtoto ni akina nani, kijana anakanywaje bila kumpoteza. Kisha mwezeshaji huifuata familia, mzazi na mwanawe wakazungumza ana kwa ana.

Halafu watafiti hao wakafanya jambo ambalo kila mtetezi wa amri ile angepaswa kulisoma mara mbili: waliupima mpango huo dhidi ya masomo ya Kiingereza. Familia 266 zenye vijana wa darasa la nane ziligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata Familias Unidas pamoja na mafunzo ya kujikinga na Ukimwi. Katika mengine mawili wazazi walifundishwa Kiingereza, kundi moja likiongezewa mafunzo yaleyale ya Ukimwi, jingine ya afya ya moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwenye sigara, vijana wa kundi la kwanza walifanya vizuri kuliko wa makundi yote mawili. Kwenye ngono isiyo salama waliwashinda wale ambao wazazi wao walipata mafunzo yaleyale ya Ukimwi pamoja na Kiingereza. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na uhusiano wa kifamilia ulioimarika.

Ushauri unaotolewa leo, basi, ulishajaribiwa kwa familia halisi, na ukashindwa. Anayemwambia mama asubiri amweleze pia mtoto alelewe na nani wakati huo. Mtu mzima mwenye zamu mbili huhitaji miaka kuimudu lugha mpya. Atakapoweza kuzungumza na mwalimu bila mkalimani, mtoto atakuwa ameshamaliza shule, au ameshaiacha. Wakuu wa idara wameachiwa uamuzi. Walipie vikundi vya Familias Unidas, kwa Kihispania, mwaka huuhuu wa masomo.