Maziwa Hayangoji Bei



Karafuu ikianikwa ikakauka vyema huweza kukaa ghalani mpaka mwenyewe aone bei inamridhi. Maziwa hayana subira hiyo. Yaliyokamwa alfajiri yasipopata mnunuzi au ubaridi, jioni yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja au wawili, akisimama peke yake mbele ya mchuuzi, hana la kusema, hupokea anachopewa.

Wengi wetu twafuga chini ya mikarafuu, na twajua kuwa mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja, mwaka wa pili ikatunyima. Basi asiseme mtu kwamba habari ya maziwa haituhusu.

Tuwatazame wakulima wa wilaya ya Kaira, huko Gujarat, Bara Hindi. Kabla ya 1946 maziwa yao yalipita mikononi mwa madalali kwenda Bombay, na faida ikabaki njiani. Mwaka huo waligoma kuuza, wakaunda chama chao mjini Anand. Walianza na vijiji 2 tu. Maziwa yalipokelewa kijijini asubuhi na jioni, yakapimwa wingi wake na mafuta yake, na kila mtu akalipwa kwa kadiri ya alichokileta, awe na nyati wa kufuga mmoja au kumi. Mwaka 1955 wakafungua kiwanda cha maziwa ya unga, na maziwa ya msimu wa neema nayo yakapata pa kuhifadhiwa.

Angalieni: kipimo kilitangulia, kiwanda kikafuata miaka 9 baadaye. Atiaye maji katika maziwa huwaibia jirani zake, kwani pipa huchanganya ya wote. Naye amwuziaye mchuuzi wakati wa uhaba, akaleta chamani wakati wa kufurika tu, huibomoa nyumba atakayo kulala. Lakini chama nacho kina wajibu wake: kisipolipa siku kilichoahidi, kisiwalaumu wakimbiao.

Rai yangu ni hii: tusianze kwa kuomba mashine. Tuanze na kijiji kimoja kilicho tayari, kipimo cha kweli, na daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiyaweza hayo kwa mwaka mmoja, gari na mtambo wa ubaridi tutavitafuta tukiwa na hesabu mkononi.

Shauri hili naliweka mbele yenu. Lizungumzwe matawini kabla ya mkutano mkuu.

Katibu wa Chama