Mtoto anataka kompyuta ya gemu, mfukoni kuna laki tatu

Likizo ya Desemba ikikaribia, katika nyumba nyingi za Kahama, Shinyanga na Geita huanza mazungumzo yanayofanana. Mtoto anasema kompyuta imechoka. Baba anauliza imechokaje wakati inawaka. Mama anakumbusha kwamba Januari ina sare, madaftari na nauli ya kurudi bweni.

Chukua mfano wa familia moja ya Kahama. Baba anafanya kazi kwa zamu mgodini, mama anauza mchele sokoni, kijana wao wa miaka 16 yuko kidato cha tatu. Kompyuta yao ni ya mezani, mtumba wa ofisini. Ndani ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu ya GB 4 na hadi diski ya zamani. Ilipofika ilikuwa fahari ya sebule. Sasa kijana akifungua GTA V anaweza kwenda kuoga na kurudi kabla gemu haijaanza, na ikianza picha zinakwamakwama.

Kijana ameona tangazo la kadi ya picha, GTX 1060 iliyotumika, kwa shilingi 300,000. Fedha hiyo ndiyo yote ambayo familia inaweza kuitenga. Baba anasita. Hapo kijana anatoa neno linalomfanya mama aache kupepeta mchele.

"Basi msihangaike. Wenzangu likizo hii wanakwenda machimboni kubeba mawe ya karasha. Nitaitafuta mwenyewe."

Baba analijua vizuri vumbi la mawe. Anavua kofia, anavuta kiti. "Huko huendi, mwanangu. Lete kalamu, tuihesabu hiyo laki tatu pamoja."

Neno la kijana si la kupuuzwa. Katika ukanda huu machimbo ya wachimbaji wadogo hayako mbali na nyumbani, na kijana anayetaka kitu huona njia ya mkato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi hatarishi, migodi ikiwemo. Lakini kijana hataki kusomewa sheria peke yake. Anataka kujua kama shida yake imesikika. Mzazi anayesema "hakuna hela" na kuondoka anawaachia marafiki nafasi ya kumaliza mazungumzo.

KWANZA IJULIKANE KINACHOUMWA

Kosa la wengi ni kununua dawa kabla ya kipimo. Kipimo chenyewe ni bure. Kijana aanzishe gemu, kisha abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta kwa asilimia: prosesa, ramu na diski. Mzazi akae pembeni aangalie pia.

Diski ikikaa kwenye 100 wakati wa kufungua, tatizo ni hadi diski. Ramu ikijaa karibu yote, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo inakwama kabisa. Prosesa na ramu zikiwa na nafasi lakini picha bado zinakatika, mzigo uko kwenye kadi ya picha, au mashine haina kadi kabisa na inategemea uwezo mdogo wa picha uliomo ndani ya prosesa.

Kabla ya kununua chochote, mashine isafishwe. Kiangazi cha Shinyanga kina vumbi, na feni ya kompyuta hulivuta mchana kutwa. Ichomolewe umeme, ipelekwe nje, ipulizwe kwa bloa huku feni imeshikwa isizunguke. Isipulizwe kwa mdomo, mate huingia. Pesti ya joto iliyoko juu ya prosesa ikiwa imekauka, fundi aibadilishe. Mashine inayopata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wenye nyumba hudhani imezeeka.

DHAHABU ILIYO MEZANI

Katika familia yetu ya mfano, baba anachomoa ramu na kuishika kwenye mwanga. Ukingoni ina meno yanayong'aa.

"Hii ni nini?"

"Dhahabu, baba. Wanapaka juu kidogo ili isishike kutu."

"Ya Geita?"

"Haijulikani ilitoka wapi. Labda."

Wote wanacheka, na kuanzia hapo mazungumzo yanakuwa mepesi. Ni kweli meno ya ramu na ya kadi hupakwa dhahabu, kwa sababu hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Ndiyo maana mafundi husugua meno hayo taratibu kwa kifutio cha penseli, na kompyuta iliyogoma kuwaka huamka.

Tahadhari hapa ni moja. Dhahabu hiyo ni utando mwembamba mno. Mtoto asichome mbao za kompyuta zilizokufa wala kuziloweka kwenye tindikali au kuzigusisha zebaki, kwa kudhani atapata gramu. Moshi wake na kemikali hizo ni sumu. Kifaa kilichokufa auziwe fundi kwa ajili ya vipuri.

LAKI TATU IGAWANYWE KWA MPANGILIO

Kifaa cha kwanza ni SSD. Hadi diski ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta. SSD haina kinachozunguka. Hadi diski ya kawaida husoma megabaiti 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, wakati SSD ya waya wa SATA hufika karibu 550. Kompyuta itawaka haraka na gemu itafunguka haraka. Lakini mzazi ajue ukweli: SSD haiondoi kukatika kwa picha kunakotokana na kadi dhaifu. Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kuanzia, kwa kuwa GTA V peke yake hutaka zaidi ya GB 70. Hadi diski ya zamani ibaki ndani kwa ajili ya picha za familia na filamu.

Kifaa cha pili ni ramu. Kutoka GB 4 kwenda 8 ni hatua inayoonekana kwa macho. Ziwe mbili za GB 4 kuliko moja ya 8, maana mbili zinazolingana hufanya kazi sambamba. Aina ni lazima ilingane na mashine. Kizazi cha tatu cha Intel hutumia DDR3. DDR4 haiingii, pengo la kwenye meno liko mahali tofauti. Akilazimisha atavunja.

Ramu itafutwe kwa utulivu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za ramu mpya zimepanda duniani, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili unde. Mtumba wa DDR3 ndio kimbilio la mashine hizi za zamani.

Kifaa cha tatu ni kadi ya picha, na hapa kijana ana haki yake. Kwa gemu kama GTA V, mashine isiyo na kadi haitacheza vizuri hata ikiwekewa SSD mbili. Hitaji lake ni la kweli. Kosa liko kwenye kadi aliyoichagua.

KADI AMBAYO ISINGEWAKA

GTX 1060 aliyoiona kijana hula umeme wa wati 120 na huhitaji waya wake wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisini zilizoletwa kama mtumba zina pawa saplai ya wati 240 hadi 300 hivi, isiyo na waya huo. Nyingine zina pawa saplai ya umbo la kiwanda chake, ambayo huwezi kuibadilisha kwa yoyote ya dukani. Laki tatu yote ingelala juu ya kabati.

Nafasi ya kadi kwenye mazabodi yenyewe hutoa hadi wati 75. Kwa hiyo mashine ya namna hii itafutiwe kadi isiyozidi hapo na isiyo na tundu la waya wa ziada. Matoleo mengi ya GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti yako hivyo, lakini si yote. Atazame juu ya kadi kwa macho yake: ikiwa na tundu la pini sita, aiache.

Kesi nayo ipimwe. Kompyuta nyembamba ya kulala inataka kadi ya kimo kifupi. Na kama monita ni ya zamani yenye waya wa VGA, ajue GTX 1050 Ti haina tundu la VGA. Itahitajika adapta, nayo ihesabiwe kwenye bajeti.

Kisha kuna ujanja wa sokoni. Zipo kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzigundua. Muuzaji aiwashe kadi mbele ya mnunuzi, gemu ichezwe angalau nusu saa, ndipo fedha itolewe.

Zipo pia kadi zilizochimba. Si dhahabu, ni sarafu za mtandaoni. Hadi Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za picha zikiwaka usiku na mchana. Uchimbaji huo ulipokoma, kadi nyingi ziliingia mtumba. Si lazima ziwe mbovu, ila feni zake zisikilizwe, na bei ishushwe.

Kama kifaa kinaagizwa kutoka Mwanza au Kariakoo kwa basi, kiombewe picha ya namba zake, risiti, na siku kadhaa za kukirudisha. Muuzaji anayekataa vyote vitatu aachwe.

UMEME, LUKU NA SAA

Sehemu ya laki tatu ibaki kwa ajili ya stabilaiza au UPS. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoungua ni kile kile kilichonunuliwa jana.

Luku nayo ihesabiwe. Kompyuta inayokula wati 150 kwa saa nne kila siku hutumia uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kuivusha mstari, na kila uniti ikawa ghali. Kijana aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu. Ni rahisi kukubali saa mbili alizozihesabu kuliko saa mbili alizoamriwa.

Mashine ibaki sebuleni. Vilevile ajue kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo kompyuta ya gemu ya kizazi cha tatu isitumike kwa mambo ya benki wala kuhifadhi nywila za wazazi.

LINI KUONGEZA NI KUPOTEZA

Kizazi cha prosesa hujulikana kwa namba. i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 ni cha nane. Kama jumla ya vifaa inakaribia bei ya mashine nyingine nzima ya mtumba ya kizazi cha nane, iuzwe hii na kuongezewa. Pasinunuliwe prosesa mpya kabisa, maana haitaingia kwenye mazabodi ya zamani. Taa za rangi ndani ya kesi nazo zisubiri, haziongezi kasi.

KARATASI YA FAMILIA

Turudi Kahama. Karatasi ya familia yetu ya mfano inamalizika ikiwa na mistari michache. Kusafisha, kazi ya kijana mwenyewe, Jumamosi. SSD na ramu, sasa. Stabilaiza, sasa. Kadi isiyotaka waya wa ziada, fedha ikibaki inatosha. Isipotosha, isubiri hadi Pasaka, na ramu ya zamani iuzwe kuchangia. Bei tatu kutoka maduka matatu kwa kila kifaa. Saa mbili siku za likizo, saa moja Jumamosi shule zikifunguliwa.

Chini kabisa baba anaandika mstari ambao kijana hakuutarajia: Machimboni, hapana. Anamsogezea kalamu atie sahihi. Kijana anatazama karatasi kwa muda, anatia sahihi, kisha anauliza kama bloa ya jirani inaweza kuazimwa leo hii.

Mzazi ambaye hajui ramu wala SSD bado anaweza kukaa kwenye kiti hicho. Maswali yanayotakiwa ni yale yale ya kununua ng'ombe au pikipiki: inaumwa wapi, itakula nini, imetumikaje, na nikirudi na malalamiko nitakukuta wapi.